Kivuko Kilichosubiri Mgeni Rasmi

Nchi ninayoisimulia haiko karibu na hapa. Nalisema hili mapema ili msomaji asiye na subira asianze kuwatazama viongozi wake kwa jicho baya bila sababu. Ni nchi ya mbali, yenye bendera ya rangi tano na wimbo wa taifa wa beti tisa, na watu wake ni wapole kiasi kwamba hata wakigongwa na gari huomba radhi kwanza, wakiwahi.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo kuna barabara iitwayo Barabara ya Ustawi. Ina njia sita, tatu za kwenda na tatu za kurudi. Magari yake hayana desturi ya kusimama, kwa kuwa dereva mmoja akisimama, wa nyuma yake humwona mtu wa dharau. Upande wa magharibi ndiko watu wanakoishi. Upande wa mashariki kuna shule ya msingi, peke yake, imebanwa kati ya barabara na ukuta mrefu wa Ikulu Ndogo, nyumba ambayo Rais huitumia kupumzika anapochoshwa na Ikulu Kubwa. Katika ukuta ule raia hana njia. Kwa hiyo mtoto anayetaka kujua kusoma sharti avuke njia sita asubuhi, na akishajua, avuke tena njia sita mchana ili akamwambie mama yake alichojua.

Wapo ambao hawakufika kusema. Serikali iliwahesabu: kumi na mmoja kwa mwezi, wakubwa kwa wadogo. Hesabu hiyo iliandikwa kwa wino wa buluu na kuhifadhiwa mahali pakavu.

Upande wa watu, ukingoni kabisa mwa barabara, aliishi msusi aliyeitwa Bi Sikitu. Alisukia barazani kwake, wateja wakikaa chini kwenye jamvi na yeye juu ya kigoda. Kila breki zilipolia aligeuza shingo kutazama, na mkono ukafuata shingo. Ndiyo maana wanawake wa mtaa ule walijulikana mji mzima kwa mistari ya nywele iliyotoka kwenye paji la uso ikiwa imenyooka, ikafika utosini, kisha ikapinda kuelekea barabarani. Alikuwa na mtoto mmoja, Tausi, wa miaka saba, aliyeanza darasa la kwanza mwaka huo. Baba wa Tausi alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja wa mwezi fulani wa nyuma.

Bi Sikitu hakuwa na ndoto kubwa. Alitaka mtoto aende shule akiwa mzima na arudi akiwa mzima. Katika nchi ile, hili liliitwa siasa.

*

Serikali haikukaa kimya. Iliunda Idara ya Vivuko, Usalama na Sherehe, na Jumapili moja wakaja mafundi na ndoo za rangi. Mpaka jioni walikuwa wamechora barabarani milia minene myeupe, kutoka magharibi hadi mashariki, mizuri mno, imenyooka kuliko kitu kingine chochote katika mji ule. Watu walitoka majumbani kuitazama. Bi Sikitu alimshika Tausi mkono akamwambia, "Kesho utapita hapo, mwanangu."

Jumatatu alfajiri walikuta milia imefunikwa turubai.

Hapa yafaa nieleze, maana wageni hushangaa. Nchi ile ina Sheria ya Uzinduzi, na sheria hiyo inasema kwamba kitu cha umma hakipo mpaka mgeni rasmi akizindue. Unaweza kukiona na hata kujikwaa nacho, lakini hakipo. Wodi ya wazazi iliwahi kukaa miezi saba na utepe mwekundu mlangoni, ndani vitanda vipya, na akina mama wakajifungulia kwenye ngazi. Watoto wa ngazi zile walipewa vyeti vya kuzaliwa vyenye mhuri usemao "Nje ya Huduma". Kuna kisima kilichochimbwa mwaka wa ukame, kikatoa maji, kikafungwa kwa mnyororo kisije kikatoa maji mengine kabla ya Mheshimiwa kufika. Mheshimiwa alifika mwaka wa mafuriko.

Basi na kivuko kikafunikwa. Turubai la kijani, refu kama barabara ilivyo pana, likakandamizwa kwa mawe makubwa lisipeperuke. Kisha akaletwa polisi wa kulilinda, Koplo Chondoma, mtu mrefu, mpole, mwenye macho makali ya kuona mbali, na amri yake ilikuwa moja: asivuke mtu kwenye kivuko.

Siku ya pili Tausi alisimama mbele yake.

"Afande, chini ya hili turubai kuna nini?"

"Kivuko."

"Cha kuvukia?"

"Ndiyo."

"Mbona sasa hatuvukii?"

"Hakijazinduliwa."

Tausi aliangalia turubai, akaangalia viatu vyake. "Na mimi nimezinduliwa?"

Koplo Chondoma alifikiri kidogo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuheshimu maswali. "Wewe umezaliwa tu, mtoto. Pita pembeni hapo, usikanyage."

Akapita pembeni, hatua moja kutoka kwenye turubai, na magari yakamsubiri.

Yakamsubiri kwa sababu ya mawe. Dereva wa nchi ile haogopi mtu, lakini jiwe huliogopa, kwa sababu jiwe huharibu gari. Mtu naye huharibu gari, lakini kidogo. Kila aliyefika pale alikanyaga breki, akanyemelea katikati ya mawe taratibu kama anayepita chumbani mwa mgonjwa, na watu wakavuka mbele yake na watoto wao na ndoo zao na mbuzi wao. Wiki ikapita bila mtu kugongwa. Ikapita ya pili. Mwishoni mwa mwezi mteja mmoja wa Bi Sikitu alikwenda kwenye harusi na mistari iliyonyooka mpaka kisogoni, na watu wakamuuliza kama amehama mtaa.

*

Habari hizi zilimfikia Mkurugenzi wa Idara, Bwana Lutengwe, na zikamnyima raha. Alikuja mwenyewe, na gari lake likanyemelea katikati ya mawe kama mengine. Chini ya kwapa alibeba bahasha nene. Alikwenda kusimama kwenye kivuli cha baraza ya Bi Sikitu kwa kuwa hapakuwa na kivuli kingine, akamwita Koplo.

"Koplo, mwezi huu wamekufa wangapi?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Hakuna kwa maana hujahesabu?"

"Nimehesabu, mheshimiwa. Hakuna."

Bwana Lutengwe alitoa karatasi moja inayong'aa kwenye bahasha. "Hii ni hotuba ya Mheshimiwa Naibu Waziri siku ya uzinduzi. Imeshachapwa, nakala mia tano. Ukurasa wa pili anasema: Kabla ya kivuko hiki, barabara hii ilikuwa ikiua watu kumi na mmoja kila mwezi. Sasa niambie. Kabla yangu iko wapi?"

"Imekwisha, mheshimiwa."

"Imekwisha kwa amri ya nani? Huu ni usalama usio rasmi, Koplo. Watu wanapona kiholela."

Bi Sikitu alikuwa na kichwa cha mtu mapajani na chanuo mdomoni. Akalitoa. "Mheshimiwa, samahani. Kama mawe yanatosha, si yaachwe tu?"

Mkurugenzi aligeuka akamtazama kwa huruma. Hakuwa mtu mbaya. Nimemchunguza sana na sikuona ubaya wowote kwake; alikuwa na watoto wanne na aliwapenda. "Mama," alisema, "mawe hayana mwaka wa bajeti. Mawe hayana picha. Leo nikimwambia Mheshimiwa kuwa watu wake wameokolewa na mawe, kesho ataniuliza mimi ninafanya kazi gani."

"Na utamjibu nini?"

"Ndiyo shida yenyewe, mama."

Aliirudisha karatasi kwenye bahasha, akifikiri. Koplo baadaye alikiri kwamba aliogopa, maana alidhani ataamriwa kuwatafuta watu kumi na mmoja. Lakini Bwana Lutengwe alikuwa muungwana. "Hatuwezi kuua watu kwa ajili ya hotuba," alisema mwishowe. "Tutawahisha uzinduzi, kabla habari hizi hazijasambaa. Na kwenye ukurasa wa pili tutawatumia tena wale wa mwaka jana."

Bi Sikitu aliyarudisha macho kwenye kichwa alichokuwa akikisuka. Mmoja wa wale wa mwaka jana alikuwa mumewe. Alisuka mstari mzima, na ulipinda ingawa hapakuwa na breki yoyote iliyolia.

*

Uzinduzi ulipangwa saa tatu asubuhi. Watoto wa shule walipangwa ukingoni tangu saa moja, wamepakwa mafuta miguuni. Barabara ilifungwa kwa ajili ya sherehe, na kwa saa tano, kwa mara ya kwanza tangu ijengwe, Barabara ya Ustawi ilikuwa salama kabisa. Mbwa wawili walilala katikati ya njia ya tatu.

Mgeni rasmi alifika saa nane. Alikuwa Naibu Waziri wa Barabara na Mienendo Mema, mtu mpana, mwenye sauti ya kupendeza, na alisoma hotuba yote na namba za kurasa.

"Ndugu wananchi, ukurasa wa kwanza. Serikali yenu inajua kwamba mwananchi anapenda kuvuka. Kuvuka ni haki. Lakini haki isiyo na milia ni fujo. Ukurasa wa pili."

Pale kwenye kumi na mmoja watu walipiga makofi, kwa kuwa waliambiwa wapige makofi kila aliposhusha karatasi. Bi Sikitu alikuwa ameketi kwenye viti vya wananchi. Yeye naye alipiga, mara mbili, kisha mikono ikamchoka.

Ngonjera ikasomwa. Utepe ukakatwa. Turubai likakunjwa na vijana wanane, na milia ikaonekana, myeupe kama siku ile ya Jumapili, na watu wakashusha pumzi pamoja. Ilibaki mtu wa kwanza kuvuka. Protokali ilikuwa inasema mgeni rasmi ndiye huvuka wa kwanza, lakini maofisa wa usalama wake walikataa atembee barabarani kwa miguu, kwa kuwa barabara ile, maofisa walisema, ilikuwa na sifa mbaya. Akavuka ndani ya gari. Msafara mzima wa magari kumi ukaipita milia ile kutoka magharibi hadi mashariki, ukafika mbele ya geti la shule, ukakosa pa kugeuzia, ukarudi nyumanyuma kutoka mashariki hadi magharibi. Watoto waliimba mara zote mbili.

Kisha turubai na mawe vikapakiwa kwenye lori la kitengo cha Sherehe, kwa kuwa vilikuwa vinasubiriwa kufunika zahanati moja mkoani. Barabara ikafunguliwa.

Dereva wa kwanza alipofika pale aliona milia. Aliiona vizuri, maana alipiga honi. Kisha akaipita kwa kasi ile ile aliyokuja nayo, na wa nyuma yake naye, na wa nyuma yake.

Wiki hiyo walikufa watatu: mzee aliyeuza magazeti, mwanamke aliyebeba mkungu wa ndizi, na mtoto wa darasa la nne aliyeitwa Sudi. Wote watatu walikuwa juu ya milia. Zamani watu walivuka wakikimbia na kuangalia. Sasa walivuka wakitembea, kwa sababu waliambiwa kivuko kipo.

*

Bi Sikitu alifunga kazi siku mbili. Alimvusha Tausi mwenyewe asubuhi, amembeba mgongoni ingawa mtoto alikuwa mzito, akakaa getini mpaka mchana, akamrudisha. Siku ya tatu akiba ya unga ilikwisha. Akavaa khanga safi akaenda ofisini kwa Bwana Lutengwe, kumwomba turubai lirudishwe.

"Turubai si letu, mama. Ni la Sherehe."

"Nyie si ndio Vivuko, Usalama na Sherehe?"

"Ghorofa tofauti."

"Basi mawe, mheshimiwa. Mimi nitayatafuta mwenyewe. Yako mengi kule bondeni."

"Ukiyaweka wewe, itakuwa umeweka kizuizi kwenye miundombinu iliyozinduliwa. Miaka miwili jela. Nakushauri kama ndugu."

Bi Sikitu hakulia. Alikaa tu kwenye kiti alichopewa, mikono mapajani, na vidole vyake vikawa vinasukasuka ncha ya khanga bila yeye kujua. "Mheshimiwa, mwanangu ana miaka saba. Sitaki kitu kingine. Nataka tu asigongwe."

Nilisema Bwana Lutengwe hakuwa mtu mbaya. Maneno hayo yalimwingia. Isitoshe, watatu wale walikuwa wameshaharibu safu ya "Baada" katika taarifa yake, ambayo ilitakiwa iwe na sifuri. Alifungua droo akatoa fomu. "Andika hapa, mama. Ombi la Mwananchi la Kuongezewa Usalama. Andika ulivyoniambia, hivyo hivyo."

Akaandika: Naomba mwanangu asigongwe barabarani. Akaweka sahihi. Mkurugenzi alisoma, akapiga mhuri, akasimama kumpa mkono, jambo ambalo hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kutendewa na mkurugenzi. Bi Sikitu alirudi nyumbani akiwa na tabasamu, na wateja walipomuuliza, alisema, "Safari hii nadhani wamesikia."

*

Walikuwa wamesikia. Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, yalikuja malori yamebeba wavu wa chuma na nguzo. Kazi ilikwenda upesi kuliko kazi yoyote ya serikali niliyowahi kuisikia. Saa sita kulikuwa na uzio upande wa magharibi, mrefu kama watu wawili, kutoka mwisho mmoja wa mtaa hadi mwingine. Saa saba kulikuwa na uzio kama huo upande wa mashariki. Mbele ya milia, kila upande, waliweka lango lenye kufuli na utepe mwekundu. Kwenye nguzo wakabandika kibao cha shaba: "Uzio huu umejengwa kwa ombi la wananchi wakiongozwa na Bi Sikitu, Msusi."

Saa nane kengele ya shule ililia, watoto wakatoka mbio, wakafika kwenye wavu wakasimama.

Bi Sikitu alimfuata Koplo Chondoma, aliyerudishwa kulinda malango. Watu wengine walikuwa nyuma yake.

"Afande, fungua watoto wapite."

"Lango halijazinduliwa, mama Tausi."

"Ufunguo unao?"

"Ninao." Akaupapasa mfukoni ili kumwonyesha kuwa hamdanganyi.

"Basi si ufungue."

"Nikifungua, nitakuwa nimezindua. Mimi koplo. Uzinduzi wa lango unaanzia Naibu Waziri."

"Huyo Naibu Waziri yuko wapi?"

"Amesafiri. Kuna nchi moja ya baridi wanampa tuzo ya usalama barabarani."

Mwanamume mmoja nyuma alisema, "Tumnyang'anye huo ufunguo." Koplo akautoa mfukoni, akaukunjua mkono, ufunguo ukalala kiganjani mbele yao wote.

"Chukueni," alisema. "Sitapigana na mtu. Lakini tazameni kwanza."

Wakatazama. Magari yalikuwa yameshajua kuwa hakuna tena wa kuvuka. Yaliyokuwa yakienda mbio sasa yaliruka, yamebanana njia zote sita, kati yake hakuna nafasi ya kupitisha hata baiskeli. Milia ilionekana kidogo kidogo chini ya magurudumu, ikipotea na kurudi. Kule ng'ambo watoto mia mbili walikuwa wameshika wavu. Mkitaka lifunguliwe, nani atakwenda kuwachukua? Koplo hakuuliza hivyo kwa mdomo. Watu walimwangalia, wakauangalia ule mkono, na hakuna aliyeuchukua ufunguo. Koplo akaurudisha mfukoni taratibu.

"Tausi," Bi Sikitu aliita. Kisha akaita kwa nguvu zaidi. Barabara ilikuwa na kelele kumzidi.

*

Serikali haikuwatupa watoto. Ni lazima niseme hivyo, kwa kuwa wapo wanaopenda kuisema vibaya. Walipewa mablanketi ya jeshi, wakalala madarasani. Uji uliingizwa kupitia mlango wa nyuma wa Ikulu Ndogo, kwa kuwa uji ulikuwa na kibali na watu hawana. Walimu watano waliokuwa wametoka kunywa chai siku ya uzio walibaki upande wa watu na kuendelea kulipwa. Wale wawili waliobaki shuleni, waliokuwa hawanywi chai, walifundisha madarasa yote.

Bi Sikitu alikwenda ofisini mara nne. Mara ya nne Bwana Lutengwe alimwonyesha taarifa, safu mbili, Kabla na Baada. Chini ya Baada kulikuwa na sifuri, kubwa, nzuri, imezungushiwa duara.

"Mwezi wa pili huu, mama. Hajagongwa hata kuku. Si ndivyo ulivyoomba?"

"Mimi niliomba mtoto wangu."

"Na amegongwa?"

"Hajagongwa."

Mkurugenzi alifungua mikono yote miwili, kama mtu aliyekwisha kutoa alichonacho chote. Alimwahidi kuwa Naibu Waziri akirudi watapanga tarehe. Lakini Naibu Waziri alipata tuzo nyingine, katika nchi iliyopakana na ile ya kwanza, na wageni kutoka nchi tatu waliandika barua kuomba waje kujifunza namna jiji lile lilivyomaliza vifo. Ukiwaletea wageni lango lililofunguliwa, watajifunza nini?

Ikawa desturi. Kila siku saa nane, kengele ikilia, wazazi wa mtaa ule waliacha walichokuwa wakikifanya wakaenda kusimama kwenye wavu wa magharibi, na watoto wakaja kusimama kwenye wavu wa mashariki. Hakuna aliyesikika. Walipungiana mikono, wakainua vitu. Mama mmoja aliinua kila siku sahani ya chakula alichopika, ili mtoto aone kuwa kwao wanakula vizuri. Baba mmoja aliinua mtoto mchanga aliyezaliwa baada ya uzio. Bi Sikitu aliinua chanuo, na Tausi akageuka kumwonyesha kisogo, kuonyesha nani amemsuka na amemsukaje. Nywele alisukwa na wenzake, mistari imekwenda ovyo, na Bi Sikitu aliitazama kwa muda mrefu kila mara kabla hajatikisa kichwa kuikubali.

Ijumaa ya wiki ya tisa Tausi alikuja na daftari. Alilifungua katikati akalibandika kwenye wavu, uso wake ukachomoza juu ya karatasi, na hata kutoka ng'ambo ilionekana kuwa anacheka. Bi Sikitu alijibana kwenye waya. Aliona weupe wa karatasi, na alama nyekundu ndogo, basi. Macho yake yalikuwa yamechakaa kwa kazi ya kusuka.

"Afande," alimwita Koplo Chondoma. "Wewe unaona mbali. Nisomee."

Koplo alisogea, akavua kofia, akaweka paji la uso kwenye wavu.

"Ni hesabu au imla?"

"Hesabu," alisema Koplo.

"Kapata ngapi?"

Lori lilipita, na nyuma yake lingine, yale marefu ya mizigo yenye matela, yakiziba ng'ambo yote.

"Tisa, mama Tausi. Tisa kwa kumi."

"Na chini mwalimu kaandika nini? Naona kama kuna maneno."

Lori la tatu lilikuwa limefika. Koplo Chondoma aliendelea kutazama mbele, pale ulipokuwa ukipita ubavu wake wa bati la buluu, bila kupepesa.

"Kaandika vizuri sana," alisema. "Kaandika, mwambie mama yako."